Historia ya Dada Yetu Mkasi, Mwenyeji Aliyewapisha Wageni Wote

Ndugu, majirani na marafiki, mimi ni mdogo wake marehemu, kitinda mimba wa nyumba yetu, familia imenituma niwasomee maisha yake, nami nitasoma hivyo hivyo, ingawa jambo lenyewe bado halijaniingia akilini.

Marehemu dada yetu, ambaye wengi wenu mlimwita Mkasi, kwa ajili ya kazi yake na pia kwa ajili ya ulimi wake, alizaliwa tarehe 9 Machi 1968, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kituo cha mabasi, akiwa mtoto wa pili wa fundi viatu na muuza maziwa. Alisoma shule ya msingi ya mtaani kwetu kuanzia mwaka 1976 hadi 1982, akajiunga na chuo cha ufundi, akahitimu ushonaji mwaka 1985, akaajiriwa kiwanda cha sare hadi kilipofungwa mwaka 1998, ndipo akahamishia cherehani nyumbani, na nusu ya watoto wa mtaa huu wameingia darasani na kazi ya mikono yake mgongoni.

Tarehe 12 Desemba 1992 alifunga ndoa na fundi friji, shemeji yetu huyu aliyeketi mbele, ambaye aliitwa kiwandani kutengeneza friji ya kantini, na marehemu alishikilia hadi mwisho kwamba friji ile ilikuwa ikiharibika kila wiki kwa makusudi ya fundi. Walijaliwa mabinti wawili na kijana mmoja, na wajukuu wawili.

Mwaka 2014 dada yetu mkubwa alifariki kwa saratani ya matiti, na tangu mwaka uliofuata marehemu na familia yake wakawa wenyeji wa changizo la chama cha kuwasaidia wagonjwa wa saratani, kila Jumamosi ya kwanza ya Oktoba, hapa hapa uani, chini ya turubai hili hili. Chumba cha cherehani kiligeuzwa chumba cha uchunguzi, wauguzi wa chama wakiwapima wanawake bila malipo, naye akisimama mlangoni na kuwasukuma ndani wenye haya, akiwaambia kwamba ugonjwa huu hauoni aibu hata kidogo, kwa hiyo na wao waiache nje pamoja na viatu. Kila mwaka muuguzi alipomwita yeye, alijibu kwamba mwenyeji hamtangulii mgeni, na wageni walipokwisha, mabegi ya wauguzi yalikuwa yamefungwa na yeye yuko jikoni anasugua masufuria.

Hapa ndipo tulipopigwa na butwaa ambalo halijatutoka. Shemeji alijua mkewe hupimwa na wauguzi, wauguzi walijua mwenye nyumba hupimwa hospitali siku nyingine, mabinti walijua mama hawezi kuhimiza jambo asilolifanya, nasi ndugu hatukuuliza kabisa, maana nani angemuuliza Mkasi. Wahenga walisema mganga hajigangi, tukadhani walikuwa wanazungumzia waganga.

Kwenye changizo la tarehe 5 Oktoba 2024 aliinua sufuria, mkono wa kushoto ukagoma, akasema ni uchovu wa pasi. Mwezi Januari maumivu ya mgongo yalimlaza, akapelekwa hospitali, na daktari akatueleza kwamba saratani ilianzia kwenye titi na ilikwisha kufika kwenye mifupa. Marehemu aliomba aelezwe tena, kisha akacheka kidogo, akasema kumbe. Alifariki Jumanne tarehe 11 Februari 2025, alfajiri, akiwa ameshikwa mkono na mumewe.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliotuambia ukweli kwa maneno tuliyoyaelewa, majirani mliopika na kufagia bila kuombwa, na mafundi wenzake waliokaa wakamalizia sare zilizobaki mezani, ili mtoto yeyote asirudishwe nyumbani. Wauguzi wa chama, mliokuja kulia pamoja nasi, hatuna neno nanyi, tulikosea pamoja.

Daktari alisema mabinti wa marehemu wapimwe, kwa sababu ya mama na kwa sababu ya mama mkubwa. Mdogo alikubali siku ile ile. Binti mkubwa alikataa katakata, akasema hataki kujua, na tangu Jumanne tumembembeleza sote, shangazi zake, baba yake na mimi mjomba wake, hadi tukachoka. Kwa hiyo wanaoona kiti chake kitupu hapo mbele wasimlaumu kwamba hakuketi kusikiliza historia ya mama yake, kwa sababu nilipoanza kusoma aliinuka mwenyewe, akamshika muuguzi mkono, wakaingia chumba cha cherehani na kufunga mlango. Bado hawajatoka.

Dada, mwanao ametangulia wageni. Pumzika kwa amani.