Bolti ya Usukani wa Dada Mmoja

Bwana asifiwe, wapendwa. Mchungaji amenipa dakika kumi, na nyinyi mnanijua, mimi ni fundi, maneno yangu hutoka vizuri nikiwa chini ya gari. Mnivumilie. Sitataja jina la mtu, na ukimtambua yeyote, usigeuze shingo kumtazama.

Kwa miaka mingi nimetengeneza magari ya mashindano hapa Nakuru. Yale ya kukimbizwa kwenye uwanja wa vumbi, dereva peke yake ndani, amefungwa mishipi kama mtoto mgongoni. Mmoja wa wateja wangu alikuwa dada mfugaji kutoka upande wa Molo. Asubuhi anakama ng'ombe, Jumamosi anakimbiza gari. Alikuwa mwanamke pekee kwenye kundi lao, na wanaume walimkubali nusunusu.

Kulikuwa na mashindano Naivasha. Siku iliyotangulia nilibadilisha kiungo kwenye chuma cha usukani wake. Nikarudisha bolti, nikaikaza kwa vidole, simu ikaita. Nikajiambia, nitaimalizia na spana nikishaongea. Ndugu zangu, sikuimalizia. Nilisahau kabisa.

Kesho yake, kwenye kona ya tatu, gari haikukata kona. Ilienda moja kwa moja mpaka kwenye ukingo, ikapinduka. Tulimtoa akiwa hai, ashukuriwe Mungu, lakini mkono wa kulia ulikuwa umevunjika mahali pawili.

Gari ililetwa gereji kwangu. Nikaingia chini peke yangu. Kiungo kilikuwa kimechomoka, na bolti haikuwepo. Nikachukua nyingine, nikaiweka pale, nikaikaza sawasawa, mtu asijue. Sasa mnaelewa kwa nini niliwaambia mnivumilie.

Nikaenda kumwona hospitali. Akaniuliza, "Fundi, sikumbuki chochote. Nilikosea wapi?"

Nikamjibu, "Kona ilikuwa mbaya, dada. Na vumbi."

Akaitikia kwa kichwa, akaamini. Na wale madereva wenzake wakija gereji wakawa wanasema, "Si tuliwaambia? Mwanamke na mbio wapi na wapi." Nilikuwa nimesimama hapo hapo. Nilinyamaza.

Miezi saba nilinyamaza. Nikaacha kazi ya magari ya mbio, nikaacha hata kukaa viti vya mbele hapa kanisani, mkafikiri nimepoa kiroho. Mwishowe nilimwambia mke wangu, tukiwa tunachambua maharagwe. Hakunipigia kelele. Alisema tu, "Umeniambia mimi. Mimi sikuwa ndani ya hiyo gari."

Nikaenda Molo. Nilimkuta zizini, anakama kwa mkono wa kushoto, ule wa kulia ukimsaidia kidogo kidogo. Nikasimama kwenye mlango nikasema yote. Bolti, simu, hata ile niliyoiweka baadaye. Hakuinua kichwa. Alimaliza kumkama yule ng'ombe, akafunika ndoo, ndipo akaongea.

"Miezi saba, fundi. Kila siku naikata ile kona kichwani mwangu, natafuta mahali nilipokosea."

"Najua, dada."

"Hujui. Enda nyumbani."

Nikaenda. Nililia njia nzima, na sioni haya kuwaambia.

Wiki mbili zikapita, akapiga simu. Nilidhani ananiitia polisi. Akasema, "Daktari ameniambia huu mkono hautarudisha nguvu zote. Usukani wa gari yangu unahitaji wanaume wawili. Nimesikia kuna wa umeme."

"Upo. Lakini dada, tafuta fundi mwingine."

"Fundi mwingine hajui bolti moja inaweza kumfanya mtu nini. Wewe unajua. Lakini kwanza utaenda kuwaambia wale waliosema sijui kuendesha."

Hapo ndipo maisha yangu yalipogeuka, wapendwa. Nilisimama mbele ya madereva na mafundi wote nikawaambia, "Hakukosea. Ni mimi." Kuna walionitukana. Mmoja alivua kofia yake, akaondoka.

Halafu tukaanza kazi. Nilipata usukani wenye mota kwenye gari ndogo iliyogongwa, nikakata chuma, nikachomelea, nikaunganisha na wake. Fundi mmoja wa umeme, mzee wa Gilgil, akanivutia nyaya kutoka kwa betri. Tulipowasha mara ya kwanza, usukani ulijizungusha wenyewe kwenda kushoto, mpaka yule mzee akaruka nje! Tukarekebisha. Dada akajaribu, akaugeuza kwa vidole viwili. Nikadhani atafurahi.

"Ni mwepesi sana," akasema. "Siisikii barabara. Nisaidie, lakini usininyang'anye gari."

Tukapunguza nguvu ya mota kidogo kidogo, siku tatu, mpaka akafunga macho, akageuza, akatabasamu. Nilipomaliza kukaza nilimpa spana. "Kagua mwenyewe." Akakagua kila bolti. Kisha akafungua mlango wa upande wa pili, tulikofunga kiti cha majaribio: "Ingia. Tunazunguka pamoja." Niliingia, nikajifunga mshipi, nikashika mlango kwa mikono miwili. Kwenye kona ya kwanza alinitazama, si barabara, mimi, akasema, "Fundi, pumua."

Amerudi mashindanoni. Hakushinda, alimaliza katikati ya wanaume, uso wote vumbi, akanyanyua ule mkono wa kulia juu.

Namshukuru mke wangu, aliyekataa kunibebea mzigo usio wake. Namshukuru mzee wa Gilgil, aliyejua yote na bado akashika taa nikichomelea. Na dada yule, popote alipoketi leo, sina neno la kumtosha.

Nawaambia hivi: kosa langu lilivunja mkono, lakini kunyamaza kwangu kulitaka kumvunja mtu mwenyewe. Mkono una daktari. Haya mengine dawa yake ilikuwa kinywani mwangu, na nilikuwa nimekifunga.

Labda kuna mmoja hapa amebeba kitu. Baada ya ibada nitakuwa pale nje, karibu na tangi la maji. Njoo. Ukishindwa kusema, si neno, tutasimama tu wote wawili mpaka uweze.