Mwalimu Miraba na Karatasi za Jumamosi

Ndugu waombolezaji, majirani, na nyinyi wanafunzi wake wa zamani ambao wengine mmeota mvi kuliko yeye, familia imempa dada yake marehemu kazi ya kusoma historia hii, naye aliishia darasa la saba, kwa hiyo atakayeona kosa avumilie mpaka mwisho, kwa sababu habari yenyewe ni ya makosa.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Agosti 1953, katika chumba cha nyuma cha karakana ya baba yake, fundi seremala, akiwa mtoto wa pili na wa mwisho, na dada yake, aliyemtangulia kwa miaka mitano, alipewa ambebe mgongoni, akambeba mpaka mbebwa akawa mzito kuliko mbebaji. Alisoma shule ya msingi kuanzia 1961 hadi 1967, sekondari hadi 1971, chuo cha ualimu hadi 1973, na tarehe 7 Januari 1974 akaanza kufundisha hesabu katika shule ile ile aliyostaafia.

Mwaka huo huo baba yao, akiwa na miaka sitini na mmoja, alikata mlango wa jirani mara tatu, na mara zote tatu ukawa mfupi, huku marehemu mwenyewe akiwa ameshika ncha ya pili ya futi, na watu wakacheka, lakini kabla mwaka 1979 haujaisha mzee aliwatazama watoto wake wawili mlangoni akawauliza kwa adabu kabisa, "Samahani, nyinyi ni wateja wa nani?" Marehemu hakuusahau mlango ule.

Alifunga ndoa tarehe 6 Desemba 1980 na fundi cherehani, mwanamke mpole kuliko alivyostahili mume mbishi namna ile, wakapata binti, ambaye ni mpima ardhi, na mtoto wa kiume, dereva wa lori, aliyefika leo asubuhi na mafuta mikononi, na mama yao alifariki tarehe 3 Juni 2011.

Mwaka 2003 shule ililetewa kompyuta, na marehemu, aliyekuwa na miaka hamsini na kichwa kigumu, akajifunza programu ya hesabu inayochora namba kama miraba, unapanga namba juu na namba pembeni, na pale mbili zinapokutana, kama hakuna kinachozigawa zote isipokuwa moja, mraba unatiwa weusi, kama kipo unabaki mweupe, basi akachora picha ya miraba laki mbili na nusu akaibandika ukutani darasani, ikawa kama kitambaa kilichofumwa, na wanafunzi wakamwita Miraba, jina ambalo alijifanya halipendi.

Alistaafu tarehe 14 Agosti 2013, na hapo hofu ikapata nafasi ya kukaa. Tarehe 2 Januari 2016, siku ya Jumamosi, alimwita dada yake mezani akampa karatasi mbili za miraba mia nne, moja ameijaza mwenyewe kwa penseli bila mashine, nyingine imetoka kwenye kompyuta, akamwambia, "Dada, zibandike kwenye kioo cha dirisha, moja juu ya nyingine, mwanga utakuonyesha. Mraba ukikataa kulala juu ya mwenzake, niambie kabla ya chai. Nataka niwaage watu nikiwa bado nawajua." Kila Jumamosi alichagua namba mpya ili asikariri, na dada yake, ambaye magoti yake hayapendi kusimama, alisimama dirishani akikagua.

Tarehe 11 Mei 2019 karatasi nzima ilikataa, zaidi ya miraba mia na hamsini, na dada yake akaificha chini ya godoro siku mbili, asile wala asilale, na alipoitoa, marehemu alikwenda mlangoni akaupima kwa viganja vyake kuanzia juu hadi chini. Binti yake alipopigiwa simu aliangua kicheko, "Baba, hiyo programu mpya niliyokuwekea inaanza kuhesabu na sifuri, wewe umeanza na moja, karatasi imesogea tu." Marehemu alicheka mpaka akakaa chini, kisha akamgeukia dada yake bila kucheka, akamwapisha kwamba hatamficha tena hata saa moja.

Tarehe 5 Novemba 2022 alitia weusi mahali tisini na moja inapokutana na sitini na tano, na zote mbili zinagawanyika kwa kumi na tatu, jambo alilowafundisha nyinyi miaka thelathini na tisa. Mraba mmoja tu. Dada yake alichukua kifutio, akafuta, akasema, "Sawa tupu. Njoo unywe chai." Alisema hivyo Jumamosi sabini.

Hakuna aliyekuwa akiukagua moyo wake, na ndio uliosimama, tarehe 7 Machi 2024, saa nne na dakika kumi asubuhi, wodini, akiwa amewataja kwa usahihi watoto wake, dada yake, na nesi, ambaye alimjua kwa siku mbili tu.

Juzi binti yake alifungua saraka ya meza, akakuta karatasi zote, na nyuma ya ile ya Novemba kuna mwandiko wa marehemu, "91 na 65. Dada kafuta," na nyuma ya nyingine vivyo hivyo, maana karatasi iliyofutwa huwa laini na kidole cha mwalimu hakidanganyiki, kwa hiyo alijua, na alikunywa chai. Karatasi ya mwisho dada yake alifuta miraba kumi na mmoja. Nyuma yake marehemu ameandika tisa. Miwili hakuiona.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya wanaume, walimu wenzake, majirani mliobeba viti bila kuitwa, na kijana wa duka la vifaa aliyemwekea penseli laini kila mwezi. Dada yake ana miaka sabini na mitano na baba alikuwa ni yule yule mmoja, kwa hiyo Jumamosi hii atakaa kwenye meza ile na miraba mia moja, anayoimudu, na amemwomba mpima ardhi asimame dirishani na amwambie ukweli kabla ya chai, naye akajibu, "Nitakwambia, shangazi," akajibu upesi mno.

Pumzika kwa amani, mdogo wangu, karatasi zako zimeshakaguliwa.