Papa Kyungu na Jumatatu Zake za Kupima Ziwa

Tarehe 30 Juni 2025 Papa Kyungu Siméon anaingia pensheni, baada ya miaka thelathini na tatu kwenye biro yetu ya utafiti wa ziwa, hapa Kalemie. Mbele ya yote, salamu. Mama Monique, bibi yake, tunakusalimia na watoto wote wa nyumbani. Papa Gauthier wa mutumbwi anasalimia. Angélique wa biro anasalimia. Josias mulinzi, bado na kikohozi chake, anasalimia. Mimi Mama Bertille, mupishi na mufagiaji, nimeacha sufuria kwa moto ili niandike.

Papa Kyungu alianza kama mubeba vyombo. Kisha akapewa kipimajoto: kila Jumatatu anakishusha kwa kamba mpaka metre mia moja, anaandika. Jumatatu moja tu ilimupita, siku ya kuzika mama yake, na sababu aliiandika kwenye daftari. Hata wakati watu walikimbia vita na kujaa kambi ya Katanika, yeye alipima.

Mwaka 2009 ilifika barua ya umoja wa wanasayansi wa maziwa ya dunia. Umoja ule ni mukubwa, basi unajigawa vikundi: hiki cha samaki, hiki cha tope la chini, hiki cha joto la maji. Papa aliitwa mujumbe wa kikundi cha joto, watu kumi na wawili. Sisi tulidhani ni kama kikundi cha wamama wa parokia: watu wanakuja, wanaketi, wanakula. Nilipika bukari, ule ugali wetu wa mihogo, na samaki kuhe, ya watu kumi na wawili. Papa alivaa koti, akangoja kwa mulango mpaka saa tisa. Kumbe kila mujumbe anabaki kwa inchi yake, wote wanapima siku moja, katibu anakusanya. Majirani walikula vizuri. Tangu pale, kila Jumatatu ananiuliza: "Mama Bertille, wageni wangu bado?"

Kila miaka minne umoja unauliza kikundi kimefanya nini. Kile kinachonyamaza kinafungwa. Na mujumbe akitoka bila mutu wa kushika kazi, nafasi inakwenda inchi ingine. Hapo njo habari inaingia nyumbani kwangu, maana Papa alichagua binti yangu, Evodie, ashike kazi. Mimi yale maji nayaogopa. Nasimama pwani mpaka mutumbwi urudi. Papa alinionyesha jile mbili za kuvaa ili mutu aelee, moja ya Evodie, ingine yangu, siku nitachoka kusimama pwani na kupanda mutumbwi.

Rais wa kikundi, kabla ya kumukubali, aliomba vipimo vya Evodie vya Jumatatu kumi na mbili, bila kukosa hata moja. Ya kumi na mbili ilitumwa wiki iliyopita.

Aksanti, Papa, kwa kumufundisha mutoto wangu kama wako. Uende salama shambani Nyunzu, mihogo ikubali, magoti yapumzike, Mungu akuongezee siku nzuri. Ila kikundi kinajua namba ya simu yako tu, jibu juu ya Evodie litafika kwako. Jibu likiwa zuri, nitapika tena bukari ya watu kumi na wawili, na mugeni wa kwanza ni wewe. Unga nimeshaanika. Usiuache ungoje: tutumie habari upesi.