Historia ya Dada Rudia, Fundi Aliyeuondoa Wimbo Bora

Ndugu waombolezaji, majirani, na wanamuziki mliofika, familia imenipa mimi mdogo wake heshima ya kuwasomea safari ya dada yetu, ambaye wengi wenu mlimjua kwa jina la Rudia, kwa kuwa ndilo neno alilowaambia wasanii mara nyingi kuliko salamu.

Dada alizaliwa tarehe 14 Machi 1951, mtoto wa kwanza wa fundi cherehani na mkunga, akaanza shule mwaka 1958, akamaliza sekondari ya wasichana, na mwaka 1970 akaingia chuo cha ufundi kusomea umeme, ambako aliifungua redio ya mkuu wa chuo ili aone sauti inatokea wapi, na bahati nzuri akaweza kuifunga tena.

Mwaka 1973 aliajiriwa redioni kama fundi mitambo, na huko ndiko lilikomwingia swali ambalo hakulitua tena: kwa nini albamu moja watu huisikiliza mpaka mwisho, na nyingine, yenye nyimbo nzuri vilevile, huichoka njiani? Alimuuliza kila mtu, hata daktari wa meno, huku mdomo wake mwenyewe ukiwa wazi, na jibu lake lilibadilika kila mara, mwanzo alidhani ni usafi wa sauti, baadaye ujasiri wa mwimbaji, na alipohamia studio ya kurekodi mwaka 1978 akaanza kushuku kwamba ni namna wimbo mmoja unavyompokea mwenzake.

Tarehe 6 Desemba 1980 alifunga ndoa na shemeji yetu, mpiga besi, wakajaliwa watoto watatu, wawili wa kiume na kitinda mimba wa kike.

Mwaka 1986 bendi ya shemeji ilirekodi albamu yake ya kwanza, dada akiwa kwenye mitambo, na wimbo bora kuliko zote ulikuwa wa shemeji, aliomtungia marehemu mama yake. Dada aliwasikilizisha watu kanda ile, akaona kila mmoja akifika kwenye wimbo huo ananyamaza, kisha anainuka, upande wa pili hausikilizwi, basi akauondoa. Shemeji alimuuliza, "Umemtoa mama yangu?" naye akajibu, "Nimeutoa wimbo, mume wangu, baada yake hakuna anayesikia kitu," jibu la kweli ambalo halikusaidia chochote, maana shemeji alifungasha nguo akahamia kwa kaka yake, na kwa dada, ambaye hakupenda kulia mbele za watu, wiki ile vilikatwa vitunguu vingi kuliko vilivyopikwa.

Albamu ilitoka, na siku moja shemeji, akiwa kwa kinyozi, alimwona mteja aliyekwisha kunyolewa, kitambaa bado shingoni, amegoma kuinuka mpaka upande wa pili wa kanda yao umalizike. Alirudi nyumbani jioni ile, akasimama mlangoni, akasema, "Ulisikia sawasawa, lakini bado inaniuma," dada akamwambia, "Hata mimi inaniuma, ingia ndani." Wimbo ule ulitolewa peke yake mwaka uliofuata.

Dada alistaafu mwaka 2011, na mwaka jana akaanza kusumbuliwa na moyo, hata akalazwa Julai hii. Binti yake alimletea albamu ya vijana waliojirekodi chumbani, dada akasema, "Kelele tupu," kesho yake akaiomba tena, kisha akataka waletwe, ajue kwa nini wimbo wa tatu unakatika ghafla na bado moyo unaufuata. Walikuja kwa woga, wakakiri kwamba umeme ulikatika wakirekodi, wakausikiliza wimbo, wakaona wauache hivyo. Dada alicheka mpaka muuguzi akaja kukagua mashine, kisha dada akasema, "Umri wote huu sikuwahi kulifikiria hilo, hebu uwekeni tena."

Alifariki tarehe 9 Agosti, asubuhi, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa mumewe.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliotupikia, wenzake wa redioni na studio, na vijana wale watatu waliosimama pale nyuma, sogeeni mbele, ninyi pia ni wafiwa.

Dada, lala kwa utulivu.