Uso wa Meya Juu ya Jeneza

Kwenye jipni, daladala ya Wafilipino, iendayo San Roque, nje kidogo ya Manila, mwanamke mwenye utepe mweusi kifuani, aliyeketi mbele yangu, alimwambia mzee aliyeketi karibu naye kwamba anarudi kwenye msiba wa mama yake, na mkobani ana mkasi.

"Wa nini, dada?" mzee akauliza.

"Meya katuletea hema, viti na kahawa. Kaleta na bango la uso wake, limetundikwa juu ya jeneza. Mama alipiga kura maisha yake yote kuukataa ukoo ule. Leo nalikata."

"Na kahawa mmekunywa?"

"Tumekunywa."

Abiria wawili wakacheka. Mzee hakucheka. "Kaburi mmeshapewa?"

"Bado. Kibali kiko ofisini kwa meya. Tunazika kesho. Kaka yangu hata usingizi hapati."

"Basi subiri mama azikwe kwanza, dada yangu."

"Baba naye alisema hivyo alipokufa bibi. Nchi hii tunasubiri kila mtu azikwe kwanza, mzee wangu. Sasa lini tutakuwa watu?"

Mzee akatazama nje. Mimi nilimzika mume wangu chini ya bango la baba yake meya. Wanafanana hata tabasamu.

Jipni ikasimama mbele ya hema. Mwanamume mwenye utepe kama wa yule mwanamke alikuwa akimiminiwa kahawa na watu wa meya. Alipomwona dada yake anashuka, alitikisa kichwa polepole, kama mtu anayeomba.