Ndoo Nyeupe ya Mzee Sostenes

Tarehe 30 Juni 1998, baada ya utumishi wa miaka ishirini na sita, Mzee Sostenes Kitundu anastaafu na kukabidhi funguo za maabara ya Kituo chetu cha Utafiti wa Uzee, hapa Itigi. Tunaandika "anakabidhi" kwa matumaini tu. Hadi jarida hili linakwenda mtamboni, alikuwa bado anazitafuta.

Wageni hushangaa kwamba kituo kinachochunguza kwa nini wazee husahau kilimwajiri msahaulifu wa kiwango hiki. Huyu ndiye aliyezunguka ofisi zote akiulizia miwani aliyokuwa ameivaa. Kwenye harusi ya Alphonce wa stoo alitoa hotuba tamu sana, ikimsifu bwana harusi mwingine. Ahadi, hata hivyo, hajawahi kuisahau.

Alianza mwaka 1972 kama mfagizi wa zahanati, akapanda hadi msaidizi wa maabara. Kazi yake kubwa hapa ilikuwa kuomba. Daktari wetu, Dk. Belinda, alihitaji ubongo wa marehemu waliokuwa wamepoteza kumbukumbu, upelekwe Dar es Salaam ukatazamwe kwa darubini, aone protini zinavyogandamana katikati ya seli. Alilieleza jambo hilo kwa ufasaha mkubwa na kufukuzwa kila nyumba. Mzee Sostenes alikwenda, akaketi, akala ugali wa uwele, kisha akaomba.

Mwaka 1995 alifariki Bibi Damari. Alikuwa amemsahau Lazaro, mwanawe wa kwanza, huku mbuzi wake akiwaita kwa majina bila kukosea. Jambo hilo lilimuuma sana Lazaro. Alikubali kutoa ubongo wa mama yake kwa masharti mawili: aambiwe kwa nini mama alimsahau, na ubongo urudishwe uzikwe kaburini siku ya arobaini. Mzee Sostenes akampa neno lake.

Ubongo ulirudi kwa treni akiusindikiza yeye mwenyewe, ndani ya ndoo nyeupe yenye mfuniko. Bahati mbaya soko huria lilikuwa limeshamiri, na behewa zima lilijaa ndoo nyeupe za mafuta ya kupikia kutoka ng'ambo, yakiletwa kwetu sisi wenye alizeti. Mzee Sostenes akateremka Itigi kwa madaha akiwa na lita ishirini za mafuta. Bibi Damari akaendelea na safari.

Arobaini ilikuwa keshokutwa. Mwenzetu mmoja, ambaye leo ni mhasibu, alishauri tuzike ubongo wa mbuzi, maana nani angefungua? Mzee Sostenes alimtazama mpaka akatoka nje mwenyewe. Kisha akadandia treni ya mizigo hadi Tabora, akaulizia sokoni mpaka akamkuta mwenye mafuta, Mama Luciana. Alikuwa ameshafunua mfuniko, na sasa alikuwa amekaa mbali kabisa na bidhaa yake, akisali. Wakabadilishana ndoo.

Alifika siku ya arobaini watu wakiwa wameshakusanyika kaburini, akasimama mbele ya wote akasimulia kila kitu, na mafuta pia. Lazaro akauliza jambo moja tu: daktari ameona nini?

"Ubongo ulijaa mabonge ya protini," Mzee Sostenes akamjibu. " Ugonjwa ndio uliokufuta, mwanangu. Mama yako hakukuacha."

Lazaro alilia mbele za watu bila kuficha uso. Alipomaliza akaanza kucheka. "Mama kila siku alitudai tumpeleke Tabora," alisema. "Haya, ameenda."

Tangu siku hiyo hakuna familia iliyotufungia mlango. Wanachouliza ni rangi ya ndoo tu. Siku hizi ni nyekundu.

Wiki iliyopita Mzee Sostenes alitia sahihi kwamba siku yake ikifika, ubongo wake ni wa utafiti, ila ndoo ipitie kwanza Tabora ikamsalimie Mama Luciana. Tumekubali.

Asante, Mzee wetu. Tunakupenda, na tunakuombea siku njema na nyingi huko nyumbani Sekenke. Funguo tunazitaka leo. Ubongo wako hatuna haraka nao hata kidogo.