Gari la Kwenda Nalo Kazini Ukicheka

Treni ilipoondoka Mbingu, Paskazia alifumba macho apate usingizi. Nyuma yake kijana mmoja alikuwa anachagua gari kwenye simu, na kwa sauti aliyokuwa nayo, behewa zima lilikuwa linachagua naye.

"Hili jekundu, mzee wangu. Milango miwili, linakimbia, kila asubuhi naenda kazini nacheka. Nikioa, mke wangu atakaa hapa mbele."

Jirani yake, mfugaji wa Kisukuma mwenye fimbo, aliikagua ile simu kama anayenunua dume la kulimia. "Miguu mifupi. Masika, barabara za huko Michenga, litalala kwenye tope. Na mtoto utampitisha wapi, dirishani?"

"Mtoto bado, mzee."

"Wangu tisa wote walikuwa bado."

Paskazia alijikaza. Aliyelala hacheki.

"Chukua la juu, lenye tumbo," mzee aliendelea. "Siku ya mavuno shemeji zako wakija na magunia ya mpunga, utawaambia nini?"

"Si ndiyo maana nataka dogo! Yasienee!"

Paskazia alifumbua macho. Kumbe kijana ana akili.

Treni iliposimama Ifakara, mzee alishika fimbo yake akashuka. Walipotoka stesheni, Paskazia alimwona mzee akilielekea gari jekundu la milango miwili, limelala chini kama kuku anayeatamia. Mkewe alikuwa kwenye usukani, na nyuma mbuzi alikuwa anachungulia dirishani.

Mzee aliingia, akaanza kucheka kabla gari halijawaka.